Mpe Jembe, Lakini Lipi?

Barua pepe zinazofika kwenye mashirika ya Kisumu hufanana. Chuo fulani cha Ulaya, au taasisi ya Marekani inayowapangia vijana kazi ng'ambo, inauliza kama mna nafasi ya mtaalamu kijana kwa miezi mitatu au sita. Hamtamlipa mshahara. Mkurugenzi anajibu siku hiyo hiyo: karibuni sana. Atafanya kazi gani? Hilo litajulikana akishafika.

Ni kweli wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakutaja ni jembe lipi, kwa kuwa shambani kila mtu alilijua. Ofisini mambo ni tofauti. Mgeni asiyepangiwa kazi hujitafutia, na hujitafutia anachokiweza: tovuti mpya, maombi ya ufadhili, majedwali ya kompyuta. Kazi hizo zinaweza kuwa nzuri tu, lakini nani aliziomba?

Tuseme amepelekwa kwenye chama cha akina mama wanaokausha omena kwenye ufuo kama wa Dunga. Katibu ana daftari lake: nani kakopa, nani kalipa, gorogoro ngapi zimeuzwa. Mgeni anaona daftari limechakaa, anaunda jedwali safi lenye safu ya kila mwezi, na jina la aliyechelewa kulipa linageuka jekundu lenyewe. Mwisho wa mwezi nusu ya majina ni mekundu, na mgeni anaanza kuandaa semina ya nidhamu ya mikopo.

Shida haiko kwenye nidhamu. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta kuja juu. Mbalamwezi ikishika, taa hazifui dafu na mashua nyingi hutia nanga. Kwa hiyo pesa ya mama wa omena hufuata mwezi wa angani, na tarehe 30 ya kalenda ikiangukia siku za mbalamwezi, hakuna wa kulipa. Katibu analijua hilo tangu utotoni. Hakuulizwa, na kwa heshima zake hakutaka kumkosoa mgeni mbele za watu. Miezi mitatu ikiisha, mgeni anaondoka na kompyuta yake pamoja na nywila ya jedwali. Chama kinarudia daftari, na pengine ni heri.

Dawa ya hali hii ni mtu mmoja: mwenza. Huyu ni mfanyakazi wenu wa kudumu anayefanya kazi ile ile bega kwa bega na mgeni na atakayebaki nayo. Apunguziwe majukumu mengine. Ofisa aliyetwikwa mgeni juu ya kazi zake zote atamkwepa, na nani atamlaumu? Mimi huyashauri mashirika yahesabu siku nzima ya mwenza kila wiki katika mwezi wa kwanza, na yaiandike siku hiyo kwenye bajeti kama gharama. Kisha yamwulize anayemtuma mgeni: hii mtailipia? Msaada wa bure usioweza kujibu swali hilo una bei, ila bei yake inalipwa na mwenyeji.

Ukanda huu una mifano ya kujifunza. Kule Mbita, kituo cha ICIPE, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi wetu Thomas Odhiambo, kilimpokea Zeyaur Khan, mtaalamu wa wadudu mzaliwa wa India. Tatizo alilolikuta lilikuwa la wenyeji: funza wa mabua na lile gugu la kayongo linalonyonya mahindi. Yeye na wenzake, wakiwemo watafiti wa Rothamsted nchini Uingereza, walipata njia ya kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, ifukuze nondo na kudhoofisha kayongo, na matete pembeni ya shamba yawavute nondo hao. Mimea yote miwili ni lishe ya ng'ombe. Khan alikaa miaka, si miezi, na walioieneza njia hiyo ni wakulima kwa wakulima. Kisian nako, ushirikiano wa KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, ulianza mwaka 1979. Utafiti wa vyandarua vyenye dawa uliofanyika Asembo na Gem miaka ya 1990 haungewezekana bila watu wa vijijini humo kubisha hodi na kuuliza maswali kwa Kijaluo.

Mgeni wa miezi mitatu hawezi kuwa Khan. Anaweza kufanya kipande kimoja cha kazi ambayo tayari ina mwenyewe.

Upande wa sheria, msidanganyike. Idhini ya kielektroniki iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024 ni ya kuingia nchini. Haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya kujitolea. Kazi fupi huombewa pasi maalumu, ya muda mrefu ya hisani huombewa kibali cha daraja I, na anayekaa zaidi ya siku 90 hujiandikisha kama mgeni. Akikusanya takwimu za utafiti, kuna leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, pia. Kama kazi yenyewe ni kucheza na watoto kwenye makao ya mayatima, jibu langu ni hapana. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mtoto hana haja ya kuzoeshwa watu wanaoondoka kila baada ya wiki sita.

Afya ni jambo fupi ila lisisahauliwe. Ukanda wa ziwa unaongoza nchini kwa malaria, hivyo chandarua kila usiku. Ziwa lina kichocho: akiingia majini pale kwenye kina kifupi, apimwe wiki kadhaa baadaye, hata kama yuko kwao na hajisikii vibaya.

Na kabla ya kutia saini, ombeni kubadilishana. Norec, wakala wa Norway uliokuwa ukiitwa Fredskorpset, hufadhili mpango ambao mfanyakazi wao huja na wenu huenda, na pia kati ya nchi za Kusini zenyewe. Mhasibu wenu akikaa mwaka Kampala au Bergen, atarudi na kitu kitakachobaki ofisini. Baadhi ya wanaotuma wageni watakataa ombi hilo. Na mkiwa mnapanga mgeni wa mwaka 2027, anayekuja kwa kazi ya mashinani asipangiwe Agosti: ni mwezi wa uchaguzi mkuu, na mikutano mingi ya vijijini itakuwa ya wanasiasa.