Je, vipokea sauti vinavyojirekebisha vitayaokoa masikio yako?

Kijana mmoja alikuja kwangu akiwa na hakika kwamba mdudu ameingia sikioni mwake. Alisema humsikia usiku akilia "nziii" bila kupumzika, na hata mchana afisini kunapokuwa kimya. Nilimulika sikio la kulia, nikamulika la kushoto. Hapakuwa na mdudu, wala nta, wala usaha. Ngoma zote mbili zilikuwa salama.

Nilipomwuliza jinsi anavyosafiri kwenda kazini, ndipo tukaanza kuelewana. Hukaa ndani ya matatu saa moja na nusu asubuhi, na muda kama huo jioni. Matatu ina muziki wake, naye hapendi muziki huo. Basi huvaa vipokea sauti, au hedifoni kama wengi wanavyoviita, na kupandisha sauti mpaka muziki wake uushinde ule wa dereva.

"Daktari, nikinunua vile vya kisasa vinavyojirekebisha vyenyewe, nitapona?" aliniuliza.

Ili kujibu swali hilo, ni lazima kwanza ufahamu kinachoumia. Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojiviringa kama gamba la konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo vidogo mno, yapata 15,000 katika kila sikio, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kupelekwa ubongoni. Kelele kali huzichosha. Zikipumzishwa, huenda zikapata nafuu. Zikipigwa kila siku, hufa. Na kwa binadamu seli hizo zikifa, hazimei tena. Mlio aliodhani ni mdudu mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kwamba zimeanza kuumia.

Kwa hivyo la, hatapona kwa kununua chombo. Lakini anaweza kuokoa kile kilichobaki.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza sauti ya desibeli 80. Sauti ikifika desibeli 90, saa hizo hushuka hadi 4. Ikifika 100, ni dakika 20 pekee, na hizo ni za wiki nzima wala si za siku moja. Simu nyingi zikifunguliwa hadi mwisho zinaweza kufikia kiwango hicho. Sasa hesabu mwenyewe saa za yule kijana, saa tatu kila siku ya kazi.

Vipokea sauti hivi vya kisasa vina vipaza sauti vidogo vinavyosikiliza kelele ya nje. Kisha vyenyewe hutoa wimbi la sauti lililo kinyume cha kelele hiyo, na mawimbi hayo mawili yakikutana huuana. Jambo hili si geni. Mhandisi Amar Bose wa Marekani alianza kulifikiria akiwa ndani ya ndege mwaka wa 1978, na mwaka wa 1989 kampuni yake ikaanza kuwauzia marubani vifaa vya namna hiyo. Kilicho kipya ni kwamba chombo sasa hujiamulia. Sony ilitoa vya aina hiyo mwaka wa 2017, nayo Apple ikaleta vyake mwaka wa 2023. Vingine hutambua kwamba umeketi garini, vikazuia mngurumo. Ukianza kutembea, vikaruhusu sauti za nje ziingie. Ukimsemesha mtu, vikapunguza muziki. (Vingine hukosea, na ukikohoa tu vikadhani unaongea.)

Faida yake kwa masikio ni moja, nayo ni kubwa: mngurumo wa injini ukipungua, huna haja ya kupandisha muziki. Lakini faida hiyo huipati usipoteremsha sauti kwa mkono wako. Nimewaona watu waliovaa vyombo vya bei ghali mno, na bado muziki wao ulisikika hadi kiti cha nyuma. Tena chombo hicho huzuia vyema sauti nzito isiyobadilika kama ya injini. Honi, na makanga anayegonga bati akiita abiria, hakivizuii sana.

Jihadhari pia barabarani. Chombo husikia sauti. Hakioni bodaboda inayokuja nyuma yako upande usiofaa. Na siku hizi kuna mabasi na pikipiki za umeme zisizonguruma. Mimi husema vitoe kabla ya kuvuka, hata kama karatasi ya kiwandani inakuahidi kwamba vitakutunza.

Ukinunua, usiamini maandishi ya kisanduku. Vaa bila muziki karibu na gari linalonguruma, kisha uwashe na kuzima kizuia kelele. Usiposikia tofauti yoyote, rudisha pesa mfukoni. Na kama bei imekushinda, usisikitike: vile vya kawaida vyenye raba inayoziba vizuri tundu la sikio hupunguza kelele nyingi. Simu nyingi zina mahali pa kuwekea kikomo cha sauti. Kiweke leo, na umwekee mtoto wako pia.

Mlio ukidumu zaidi ya wiki moja, au ukianza kuwaambia watu warudie maneno, nenda ukapimwe usikivu. Lakini ukiamka sikio moja limezibika ghafula na halisikii, usitie mafuta wala njiti ya kiberiti, na usingoje mwisho wa mwezi. Mwone daktari siku hiyo hiyo, kwani dawa ya hali hiyo husaidia zaidi ikianzwa katika siku za mwanzo.