Mlima mmoja, hali mbili: Yanayowakabili watelezaji theluji Whistler

KATIKA milima ya Whistler na Blackcomb, magharibi mwa Kanada, mtelezaji theluji huweza kunyeshewa mvua akiwa bondeni, kisha muda mfupi baadaye akajipata katikati ya dhoruba ya theluji kileleni.

Sababu ni kimo. Kijiji cha Whistler kiko takriban mita 675 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele kinapita mita 2,100. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Pasifiki huleta mvua chini, na theluji huko juu kwenye baridi kali.

Tangu Desemba 2008, milima hiyo imeunganishwa kwa nyaya zinazobeba vyumba vidogo vya abiria. Safari ya kilomita 4.4 huchukua dakika 11, na mahali fulani abiria huning'inia mita 436 juu ya bonde.

Njia za kuteremkia zimewekewa alama. Duara la kijani ni la wanagenzi, mraba wa buluu ni wa wenye ujuzi wa kadiri, nalo umbo jeusi la almasi ni la mabingwa. Anayepuuza alama hizo hujitia hatarini.

Hata hivyo, bingwa naye hana kinga. Theluji laini huacha shimo kando ya shina la mti, chini ya matawi. Anayetumbukia humo kichwa kikitangulia ni vigumu kujinasua, na huweza kukosa pumzi. Ndiposa watelezaji huhimizwa wasiachane na wenzao, kwani aliye karibu ndiye mwokoaji wa kwanza.