Thamani ya Gari la Umeme Lililotumika: Kinachopimwa, Kinachofichika na Kinachoamua Bei

1.0 Utangulizi

Mnunuzi wa gari lililotumika katika Afrika Mashariki ana kanuni zake za ukaguzi. Hutazama mwaka wa kutengenezwa, husoma odomita, huwasha injini na kusikiliza mlio wake, huchunguza moshi, kisha humwita fundi anayemwamini. Kanuni hizo zimetokana na uzoefu wa miongo mingi wa magari ya petroli na dizeli, na kwa sehemu kubwa zimemfaa. Gari la umeme linapoingia katika yadi hiyohiyo, nyingi kati ya kanuni hizo hupoteza nguvu. Halina moshi wa kuchunguzwa wala mlio wa injini. Sehemu yake yenye thamani kubwa zaidi, yaani betri, imefungwa chini ya sakafu mahali ambapo jicho la fundi halifiki.

Makala haya yanafafanua mambo yanayoamua bei ya gari la umeme linapouzwa tena, au linapotolewa kwa muuzaji ili mwenyewe aongeze fedha na kuchukua jingine. Hoja kuu ni kwamba bei hiyo hutokana na mambo matatu: uwezo uliobaki katika betri, bei ya gari jipya linaloshindana nalo, na kiasi cha taarifa za kuaminika alizo nazo mnunuzi. Mfano unaotumika zaidi ni Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa Japani na Marekani mnamo Desemba 2010. Gari hili limeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, lina historia ndefu sokoni. Pili, magari yake yenye usukani wa kulia yaliyotumika Japani yamesafirishwa hadi nchi kama New Zealand na Kenya.

2.0 Uwezo Uliobaki katika Betri

Betri ya lithiamu huchakaa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni matumizi: kila mzunguko wa kuchaji na kutumia umeme huacha athari ndogo. Njia ya pili ni muda wenyewe, kwani betri huendelea kupungua uwezo hata gari likiwa limeegeshwa, na joto huharakisha upungufu huo. Kwa hiyo, odomita pekee haitoshi. Gari lililotembea kilomita chache lakini likakaa miaka mingi katika eneo la joto, betri ikiwa imejaa, linaweza kuwa na betri dhaifu kuliko gari lililotembea zaidi katika nchi ya baridi.

Leaf inaonesha jambo hili waziwazi kwa kuwa kwa miaka mingi betri yake ilikuwa haipozwi kwa kimiminika. Mwaka 2012 baadhi ya wamiliki katika jimbo la Arizona, Marekani, walilalamika kuwa betri zao zilikuwa zikipungua uwezo mapema mno. Mwaka uliofuata mtengenezaji alitoa dhamana ya uwezo wa betri. Kwa magari yenye betri ya kilowati-saa 24, dhamana hiyo ilikuwa ya miaka mitano au maili 60,000. Ilihusu betri iliyoshuka chini ya vipande tisa kati ya vipande 12 vinavyooneshwa kwenye dashibodi.

Hata hivyo, upungufu wa asilimia moja na ileile hauna maana sawa kwa kila gari. Leaf ya mwaka 2011 ilipimwa nchini Marekani kuwa na masafa ya maili 73, sawa na kilomita 117 hivi kwa chaji moja. Ikibakiwa na asilimia 65 ya uwezo wake, masafa hayo hushuka hadi kilomita 76 hivi. Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40, iliyozinduliwa mwaka 2017, ilipimwa kuwa na masafa ya kilomita 240 hivi. Kwa kiwango kilekile cha uchakavu hubakiwa na kilomita 156. Gari la pili limepoteza kilomita nyingi zaidi, lakini bado linaweza kumhudumia dereva wa mjini kwa siku nzima. La kwanza limekaribia mahali ambapo haliwezi tena kufanya kazi lililonunuliwa kuifanya. Bei ya gari la umeme, basi, haishuki kwa mstari ulionyooka. Hushuka polepole wakati masafa yanazidi mahitaji ya kila siku ya mnunuzi, kisha huporomoka masafa yanapokuwa chini ya mahitaji hayo.

Bei hiyo ina sakafu yake pia. Betri isiyofaa tena barabarani bado inaweza kuhifadhi umeme wa jua au kurekebishwa. Mwaka 2018 Nissan ilianzisha nchini Japani mpango wa kubadilisha betri za kilowati-saa 24 kwa betri zilizorekebishwa, kwa bei ya yeni 300,000. Mahali penye huduma ya namna hiyo, gari lenye betri iliyochoka halishuki bei kupita kiasi, kwa sababu gharama ya kulifufua inajulikana.

3.0 Bei ya Gari Jipya

Jambo la pili liko nje ya gari lenyewe. Hakuna atakayelipia gari lililotumika bei inayokaribia ile ya gari jipya lenye masafa marefu zaidi. Kwa mujibu wa makadirio ya BloombergNEF, bei ya betri za lithiamu ilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa mwaka 2010, nayo ilifikia dola 115 mwaka 2024. Maendeleo hayo ni neema kwa mnunuzi wa gari jipya na hasara kwa mwenye gari la zamani. Zaidi ya kuchakaa, gari lake huzeeka kiteknolojia.

Tukio la Januari 2023 linafafanua hoja hii. Tesla ilipunguza bei ya aina moja ya Model Y nchini Marekani kutoka dola 65,990 hadi dola 52,990, yaani karibu asilimia 20. Mtu aliyenunua gari hilo wiki chache kabla hakupoteza hata kilomita moja ya masafa, lakini thamani ya mali yake ilishuka bila yeye kuligusa gari. Kampuni ya kukodisha magari ya Hertz, iliyokuwa imetangaza mwaka 2021 kuagiza magari 100,000 ya Tesla, ilitangaza Januari 2024 kwamba ingeuza magari ya umeme yapatayo 20,000, na ikaandika hasara ya uchakavu ya dola milioni 245 hivi. Magari mengi yanapoingizwa sokoni kwa mkupuo, bei za yale yaliyotumika husukumwa chini zaidi.

Ruzuku za serikali nazo huathiri hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni: gari jipya la dola 40,000 ambalo mnunuzi wake hupata nafuu ya kodi ya dola 7,500, kisha likauzwa kwa dola 28,000 baada ya mwaka mmoja. Hesabu ikifanywa kutoka bei iliyobandikwa, hasara ni asilimia 30. Ikifanywa kutoka kiasi alicholipa mnunuzi, yaani dola 32,500, hasara ni asilimia 14 hivi. Madai mengi kwamba magari ya umeme hupoteza thamani kwa kasi ya ajabu hayabainishi ni hesabu ipi iliyotumika. Mtafiti anapaswa kubainisha.

4.0 Mbuzi Kwenye Gunia

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mchango wake katika uchambuzi wa masoko ya namna hiyo ulimpatia Tuzo ya Nobeli mwaka 2001 pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Alieleza kwa nadharia kile ambacho Waswahili hukiita kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Muuzaji anajua ubora wa gari lake, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hutoa bei ya wastani. Bei hiyo humvunja moyo mwenye gari zuri, naye huliondoa sokoni. Magari mabovu hubaki, wastani hushuka, na mnunuzi hupunguza tena bei.

Betri imeifanya nadharia hii iwe na uzito mpya. Tuseme Leaf yenye betri nzuri ina thamani ya shilingi 1,400,000 za Kenya, na yenye betri dhaifu shilingi 800,000. Ikiwa aina hizo mbili ziko sawa kwa idadi, mnunuzi asiyeweza kuzitofautisha hatatoa zaidi ya shilingi 1,100,000. Mwenye betri nzuri anapoteza shilingi 300,000 kwa kosa lisilo lake, na mwenye betri dhaifu anajipatia kiasi hichohicho bila jasho.

Je, vipande vya dashibodi havitoshi kuondoa shaka? Havitoshi. Katika Leaf, kipande cha kwanza hupotea pale tu uwezo unapokuwa umeshuka hadi asilimia 85 hivi. Kila kinachofuata huwakilisha asilimia 6 hivi. Magari mawili yanayoonesha vipande vyote 12 yanaweza kutofautiana kwa karibu asilimia 15. Isitoshe, mfumo unaokokotoa uwezo huo unaweza kurejeshwa mwanzo, ukaonesha betri iliyojaa vipande kwa muda kabla ya ukweli kurudi.

Hata kipimo kilichotumika kwa nia njema kinaweza kukosea. Mwaka 2018 nchini New Zealand, takwimu zilizokusanywa kutoka kwa wamiliki zilionesha kwamba Leaf za kilowati-saa 30 zilikuwa zikichakaa haraka kuliko za kilowati-saa 24. Baadaye ilibainika kwamba programu ya gari ilikuwa ikikosea kukokotoa, na mtengenezaji akatoa marekebisho. Betri zenyewe hazikuwa na hali mbaya kiasi kilichosomeka. Funzo ni kwamba kipimo cha afya ya betri ni makadirio ya programu, nayo hayana budi kuthibitishwa kwa jaribio la barabarani.

5.0 Hali ya Afrika Mashariki

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka minane, kwa kufuata kiwango KS 1515 cha mwaka 2000, yaani miaka kumi kabla ya Leaf kuzaliwa. Mamlaka ya Mapato nayo hukokotoa thamani ya gari lililotumika kwa kuanzia bei ya rejareja ya gari jipya, kisha hupunguza asilimia fulani kulingana na umri. Utaratibu huo unafaa pale umri unapowakilisha uchakavu kwa kiasi kikubwa. Kwa gari la umeme, Leaf mbili za mwaka mmoja na aina moja, moja ikiwa na asilimia 85 ya uwezo na nyingine asilimia 65, huhesabiwa kuwa na thamani sawa.

Kuna jambo zito zaidi. Dhamana ya betri ya Leaf ya kilowati-saa 40 ni ya miaka minane au kilomita 160,000, lakini dhamana hutolewa kwa ajili ya soko ambamo gari liliuzwa kwanza. Gari linaposhushwa bandarini Mombasa likiwa na miaka saba, mnunuzi hupokea uchakavu wote uliotangulia bila kinga iliyouambatia. Dereva wa teksi aliyekopa ili alinunue ndiye atakayebeba hasara endapo masafa hayatamfikisha jioni, naye atalazimika kuyatumia katika joto la pwani, katika gari ambalo betri yake haipozwi kwa kimiminika.

Nchi zinazouza magari haya zimeanza kuchukua hatua. Kanuni ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa namba 22, iliyopitishwa mwaka 2022, inataka betri ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo hadi miaka mitano au kilomita 100,000, na asilimia 70 hadi miaka minane au kilomita 160,000. Umoja wa Ulaya utataka kila betri ya gari la umeme iwe na pasipoti ya kidijitali kuanzia tarehe 18 Februari 2027. Hata hivyo, magari yatakayonufaika na hatua hizo yatachukua miaka mingi kufika katika yadi za Nairobi na Dar es Salaam. Yanayofika sasa hayana pasipoti hiyo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba gari la umeme lililotumika halina uchakavu wa aina moja. Uwezo wa betri hupungua taratibu, bei ya soko hufuata bei ya gari jipya, na ukosefu wa taarifa humwadhibu muuzaji mwaminifu pamoja na mnunuzi. Katika mambo hayo matatu, la tatu ndilo lililo karibu zaidi na uwezo wa serikali zetu. Inapendekezwa kwamba gari la umeme linaloingizwa liambatane na cheti cha uwezo wa betri kinachotaja kilowati-saa zilizobaki, zikithibitishwa kwa kutumia chaji nzima na si kwa kusoma dashibodi tu. Na kwamba thamani ya forodha izingatie cheti hicho pamoja na umri. Utafiti zaidi unahitajika kupima jinsi betri za magari haya zinavyochakaa pwani zikilinganishwa na nyanda za juu. Hadi hapo, mnunuzi achaji gari hadi lijae, aliendeshe katika njia atakayoitumia, na ahesabu mwenyewe kilomita kabla ya kuhesabu fedha.