Uamuzi wa Bosi Hufika Hadi Nyumbani

Watu wengi wakisikia neno "meneja" hufikiria maamuzi makubwa: kufungua tawi jipya, kununua mashine, kuajiri au kupunguza wafanyakazi. Lakini maamuzi ya namna hiyo huja mara chache kwa mwaka. Yanayomshughulisha meneja kila siku ni madogo madogo: nani apewe likizo mwezi Desemba, nani abaki jioni kumalizia kazi, aliyechelewa aelezwe nini, ruhusa ya kwenda kliniki itolewe au isitolewe. Uamuzi kama huo huchukua dakika mbili. Jioni yake, familia nzima huwa imeupata.

Tumeona vema tulizungumze jambo hili kwa sababu halituhusu tukiwa waajiriwa tu. Akina mama wengi siku hizi ndio wakubwa wa kazi: matroni wa hospitali, walimu wakuu, wasimamizi wa zamu viwandani, wenye saluni na maduka. Hatuna budi kujua uzito wa kalamu tuliyoishika.

Saa mbili za mtoto

Tuchukue mfano unaotugusa wote: mama aliyejifungua akarudi kazini. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Anaweza kuianza wiki 4 kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua.

Sasa tupige hesabu. Siku 84 ni wiki 12. Aliyeanza likizo wiki 4 kabla ya kujifungua hubaki na wiki 8 tu za kukaa na mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, yaani kama wiki 26. Ina maana mama huyu anarudi kazini mtoto akiwa bado na miezi 4 hivi ya kutegemea ziwa tu.

Sheria imeliona hilo. Mwajiri anapaswa kumruhusu mama anyonyeshe wakati wa kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Lakini muda huo uwe upi? Hapo ndipo meneja anapoamua. Mama anayeishi jirani na kazi, au anayeletewa mtoto getini, atafaidika akipewa kipindi kimoja asubuhi na kingine mchana. Anayepanda daladala mbili hawezi kwenda na kurudi kwa muda huo. Humfaa zaidi kuondoka mapema. Meneja akiwapangia wote muda uleule bila kuuliza, atakuwa ametimiza sheria kwenye karatasi, huku mtoto akianzishiwa uji kabla ya wakati. Maziwa yasiyonyonywa nayo hupungua siku hadi siku.

Yote hayo yangeweza kuepukwa kwa swali moja: "Unakaa wapi, na mtoto unamwacha na nani?"

Na wengine je?

Upo upande wa pili. Wenzake watauliza: "Sisi tusio na watoto wachanga ndio tubaki kila jioni?" Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa ukali. Mara nyingi msichana ambaye hajaolewa hupangwa zamu ya Krismasi kila mwaka, eti kwa kuwa hana majukumu. Kumbe ndiye anayemuuguza mama yake. Meneja mwenye busara huandika zamu kwenye daftari lililo wazi, kila mtu aone nani alibaki mara ngapi. Aidha, saa za ziada huzilipa: sheria inataka zilipwe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida.

Akina baba nao wasisahauliwe. Baba ana haki ya siku 3 zenye malipo ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, na angalau siku 4 mtoto anapougua. Meneja anayemcheka mwanamume aliyeomba siku hizo humnyima mama mzazi msaidizi.

Meneja wa jikoni

Hata ambaye hajawahi kukalia kiti cha ofisi, akiwa na msichana wa kazi yeye ni mwajiri. Sheria ni ileile: mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi, saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, kila wiki kuna mapumziko ya saa 24, na likizo ya mwaka ni siku 28.

Wapo akina mama wanaolalamika kwa kucheleweshwa ofisini nusu saa, wakati msichana wao ameamka saa 11 alfajiri na hatalala mpaka sahani ya mwisho ioshwe. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku yake ya mapumziko ikifutwa kwa sababu wageni wanakuja, apewe siku nyingine, tena aambiwe ni lini.

Kabla ya kuamua

Tunamshauri kila mwenye madaraka, ya ofisi au ya jikoni, ajiulize maswali matatu. Kwanza, uamuzi huu ukifika nyumbani utabebwa na nani? Pili, naweza kuitaja sababu yangu mbele ya wafanyakazi wote? Tatu, kesho akija mwingine na shida kama hii, nitampa? Sababu isiyoweza kutajwa hadharani mara nyingi ni upendeleo au hasira.

Hatusemi kila ombi likubaliwe. Wagonjwa hawawezi kuachwa bila muuguzi, na duka lazima lifunguliwe. Lakini hata kukataa kuna wakati wake. "Hapana" iliyosemwa Jumatatu humpa mama nafasi ya kumtafuta jirani wa kubaki na mtoto; ikisemwa Ijumaa jioni, haimwachii kitu.