Utabiri wa hewa ni somo la lugha pia

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Sina nia ya kuwapinga. Hata hivyo, nilipokuwa masomoni katika nyanda za Kansas, nchini Marekani, nilifunzwa kwa njia chungu kuwa mawingu peke yake hayatoshi. Sharti mtu aelewe pia maneno ya wale wanaoyasoma mawingu hayo.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, majira ya joto ya huko yakielekea ukingoni. Asubuhi redio ilitangaza kwamba uwezekano wa mvua ya ngurumo ulikuwa asilimia 30. Mimi, niliyelelewa katika shule ambamo alama 30 kwa 100 ni fedheha, nikaona kuwa mvua imeanguka mtihani. Nikaacha dirisha wazi, na madaftari yangu ya utafiti mezani chini yake, nikaenda zangu maktabani. Usiku mbingu zilipasuka. Nilirudi nikakuta wino wa miezi minne umegeuka tope la buluu. Mwenye nyumba, mkulima mzee wa ngano, alinitazama kwa huruma akasema, "Mwanangu, hawakusema haitanyesha."

Mzee yule alizijua nyanda zake. Mwishoni mwa majira ya joto, jua huchemsha hewa kwenye miteremko ya Milima ya Rocky, na alasiri ngurumo huzaliwa huko. Dhoruba hizo husafiri kuelekea mashariki. Usiku, upepo wenye nguvu kutoka upande wa Ghuba ya Meksiko huziletea unyevu, zikanenepa badala ya kufifia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mvua ya majira hayo katika Kansas na Nebraska hunyesha watu wakiwa wamelala.

Je, asilimia 30 ina maana gani basi? Si kwamba mvua itanyesha kwa asilimia 30 ya siku, wala katika asilimia 30 ya eneo. Maana yake ni kuwa, tukichukua siku 10 zenye hali kama ya leo, katika siku 3 mvua itanyesha hapo hapo uliposimama. Waliokosea si mimi peke yangu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwauliza wakazi wa Amsterdam, Athens, Berlin, Milan na New York swali hilo hilo. Ni New York tu ambako wengi walijibu sawasawa. Kumbe tarakimu nayo ni neno, na huhitaji kufasiriwa.

Lakini madaftari yaliyolowa ni hasara ndogo. Wamarekani hutofautisha matangazo mawili: la kwanza husema kwamba hali inaruhusu dhoruba kuzuka, kwa hiyo kaa chonjo; la pili husema kwamba dhoruba imekwisha onekana, kwa hiyo jifiche sasa hivi. Asiyeijua tofauti hiyo huweza kupoteza maisha. Mnamo Mei 22, 1987, kisulisuli kikubwa kilikipiga kijiji cha Saragosa, jimboni Texas, kikawaua watu 30. Wengi wao walikuwa ukumbini katika sherehe ya watoto wadogo waliokuwa wakihitimu. Wakazi wengi walikuwa wasemaji wa Kihispania, na kituo cha televisheni walichokitazama kwa lugha yao hakikuwapasha onyo lile. Wataalamu walikuwa wamekiona kisulisuli. Kilichokosekana ni lugha ya kuufikisha ujumbe.

Nasi je? Hapa kwetu nasikia mara nyingi neno "tahadhari" likibebeshwa mizigo yote: wingu linalotiliwa shaka ni tahadhari, na mto uliokwisha kuvunja kingo ni tahadhari. Wenzetu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania wamekwisha kupanga ngazi: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Hayo ni maneno ya Kiswahili safi, wala hayahitaji kamati ya kuyabuni. Sioni aibu yoyote kuyaazima kutoka kwa jirani tunayesema naye lugha moja.

Mafuriko ya mwaka 2024 yaliwaua zaidi ya watu 200 humu nchini. Sidai kwamba msamiati ungaliwaokoa wote, kwani aliyejenga bondeni kwa kukosa pengine pa kujenga hahitaji kamusi. Nasema tu kwamba onyo lisiloeleweka ni sawa na onyo lisilotolewa.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, siku moja juma hili chukua utabiri wa gazetini uingie nao darasani. Waulize wanafunzi asilimia 30 ni nini, na angalizo hutofautianaje na tahadhari. Wakishindwa kujibu, usiwacheke. Nami nilikuwa nikiandika tasnifu ya lugha siku niliyoliacha dirisha wazi.