Wanasema vijana tunaua Kiswahili, lakini nani amehesabu?

KAMA wewe ni kijana wa mjini, umeshaambiwa. Redioni, kwa matatu, hata nyumbani watu wakinywa chai: nyinyi ndio mnaua Kiswahili. Hamjui ngeli. Kila kitu kwenu ni "zangu". Viatu zangu, vitabu zangu, vitu zangu.

Siku nyingine mtu akikuanza hivyo, muulize kwa upole: nani amehesabu?

Huo si ujeuri. Ukisomea Kiswahili au isimu chuoni, utaulizwa swali hilo hilo siku ya kutetea tasnifu, saa ambayo huna pa kujificha. Umeandika "vijana wengi wa Nairobi hawazingatii ngeli". Mtahini anavua miwani. Wengi ni wangapi? Kati ya wangapi?

Hapo kijasho kinakutoka, maana tuseme ukweli, wengi wetu tulichagua lugha tukihepa hesabu. Mimi ni mmoja wao. Nilidhani nikishamaliza KCSE, mimi na majedwali tumeachana kabisa. Kumbe yalikuwa yananingoja mbele.

Habari njema ni kwamba aliyetufungulia njia hii alianza na daftari tu. Mwaka wa 1962 William Labov, Mmarekani aliyekuwa mkemia wa wino kabla ya kugeukia isimu, aliingia katika maduka matatu makubwa ya New York: Saks la wenye pesa, Macy's la watu wa kati na S. Klein la bei nafuu. Alitaka kujua ni nani anayetamka sauti r mwishoni mwa silabi na nani anaimeza. Basi akawa anauliza wauzaji bidhaa fulani iko wapi, akijua vizuri iko orofa ya nne. Jibu lao, "fourth floor", lina nafasi mbili za r. Kisha anajifanya hakusikia, muuzaji anarudia kwa makini, anapata nyingine mbili. Akisonga kando, anaandika.

Alifikisha watu 264. Waliotamka r hata mara moja walikuwa asilimia 62 kule Saks, 51 Macy's na 20 S. Klein. Kazi moja, mji mmoja, lakini matamshi yalipanda na kushuka kulingana na wateja wanaohudumiwa. Hakuna aliyeweza kuona hilo kwa kukaa tu na kukisia.

Sasa rudi mtaani kwako. Tuseme unataka kujua kama watu husema "viatu zangu" zaidi wakiongea na marafiki kuliko wakiongea na shosho. Usikimbilie kompyuta. Kazi ngumu ni kuamua unahesabu nini.

Kosa la kwanza, na karibu kila mtu hulifanya, ni kuhesabu "zangu" pekee. Umesikia 56. Sawa, kati ya ngapi? Lazima uhesabu kila nafasi ambapo mtu angeweza kusema "vyangu", awe amesema au hakusema. Bila hiyo idadi ya chini, 56 haikuambii kitu. Labda huyo mtu huongea sana tu. Halafu kuna maamuzi madogo yanayouma kichwa. "Viatu zimeraruka" iko ndani au nje? "Viatu mpya" je? Na mtu akisema "viatu za", kisha ajirekebishe "vyangu", unamweka wapi? Amua mapema, andika kwenye daftari, usibadilishe katikati ya safari eti kwa sababu matokeo hayakupendezi.

Chukua mfano wa kubuni. Umepata nafasi 80 za maongezi na marafiki, "zangu" ni 56, yaani asilimia 70. Kwa shosho nafasi 80, "zangu" ni 40, asilimia 50. Ni tofauti ya kweli au bahati tu? Jaribio la kai-mraba linalinganisha ulichopata na ambacho ungetarajia kama makundi yote mawili yangekuwa sawa. Hapa ungetarajia 48 kila upande. Ukipiga hesabu, hata kwa simu, unapata kama 6.67. Kwa jedwali dogo kama hili mpaka unaotumiwa sana ni 3.84, kwa hivyo umevuka.

Lakini sasa fanya uvivu, ukusanye nafasi 10 tu kila upande: 7 kwa marafiki, 5 kwa shosho. Asilimia ni zile zile, 70 na 50. Kai-mraba inashuka hadi 0.83. Huna kitu, msee. Hiyo ndiyo sababu mtu akikutupia asilimia bila kusema ni kati ya wangapi, unafaa kushtuka.

Na kuna mtego mwingine ambao hata waliobobea huuangukia. Kama nafasi 60 kati ya zile 80 zimetoka kwa rafiki yako mmoja mwenye mdomo, hujapima vijana wa Umoja, umempima yeye. Jaribio hili hudhani kila nafasi inajitegemea. Afadhali watu 20 wanaokupa nafasi nne nne kuliko watu wawili wanaokujazia daftari. Hata hao 20 watahitaji, baadaye, modeli zinazomtambua kila msemaji peke yake. Hizo zinapatikana kwenye R, programu ya bure iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Ukitaka kitabu, cha Bodo Winter cha 2020 kiliandikwa kwa watu wa isimu, si kwa wanahesabu. Ukitaka kupima sauti zenyewe, Praat kutoka Amsterdam pia ni ya bure.

Jambo moja usiige kwa Labov: kuandika watu bila wao kujua. Siku hizi omba ruhusa kabla ya kubonyeza kurekodi. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kama ni utafiti rasmi wa chuo, utahitaji leseni ya NACOSTI. Anza kuitafuta mapema.

Mimi nilianza na mjomba wangu, yule anayelalamika kuliko wote kwamba tumeharibu lugha. Alikubali nimrekodi akinihadithia habari za ujenzi wa nyumba yake. Nafasi 31. "Zangu" na ndugu zake, 14. Ni mtu mmoja, najua, haithibitishi lolote kuhusu wazee. Nilimwonyesha daftari. Alilitazama kwa muda, kisha akasema simu yangu ina kasoro.