Mwalimu mgeni na lugha ya watoto wetu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunapenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi wengi wanaliona katika shule za watoto wao bila ya kulitafakari. Nalo ni walimu wa kujitolea watokao nchi za mbali, ambao lugha yao si yetu, na yetu si yao.

Jambo lenyewe si jipya. Peace Corps ya Marekani iliundwa mwaka 1961, na mwaka huohuo wapimaji na wahandisi wake wa barabara wakawasili Tanganyika. Walimu wakafuata baadaye. Japani ilianzisha mpango wake mwaka 1965, na ilipofika 1967 vijana wake walikuwa wamekwishaingia Tanzania. Vijana hao, kabla ya kusafiri, huwekwa kambini katika miji ya Komagane na Nihonmatsu, wakasomeshwa lugha ya nchi waendayo. Waendao Tanzania husomeshwa Kiswahili.

Kizuizi juu ya kizuizi

Katika shule za serikali za Tanzania, mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza. Sasa akiletewa mwalimu ambaye Kiingereza kwake pia ni lugha ya kujifunza, huwa wamekutana watu wawili katika nyumba ambayo si ya yeyote kati yao.

Binti wa ndugu yetu yalimfika hayo. Alikuwa hodari wa hesabu shule ya msingi, lakini alipoingia sekondari akawa bubu darasani. Hakuwa hajui jibu. Alikuwa akiogopa kuchekwa kwa Kiingereza chake. Ndipo akaja mwalimu wa hesabu kutoka Japani.

Siku moja mwalimu huyo alitangaza kuwa kesho kuna kura ya kuchagua kiranja. Lugha ya Kijapani haipambanui sauti ya "r" na ya "l", na watoto walichosikia ni kwamba kesho kuna kula. Asubuhi yake, wanafunzi watatu walifika na mabakuli. Mwalimu alipoelezwa, alicheka yeye mwanzo, akayaandika maneno yote mawili ubaoni, kisha akawataka wanafunzi wamsahihishe mpaka ulimi wake ulainike. Tangu siku hiyo akaweka sharti kwamba hachekwi mwanafunzi kwa kukosea mpaka achekwe kwanza mwalimu. Haikupita wiki, binti yetu akanyanyua mkono.

Hofu ya wazazi

Baadhi ya wazazi walinung'unika kwamba mgeni asiyekuwa wa dini yetu atawasomesha nini watoto wa Kiislamu. Hofu ya mzazi haidharauliwi. Lakini tukumbuke kuwa vitabu vya sira vimepokea kwamba baada ya vita vya Badri, mateka wa Makka waliojua kusoma na kuandika walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Hao walikuwa washirikina tena maadui, na elimu yao haikukataliwa. Vilevile Mtume (S.A.W) alimwamrisha Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayamudu katika muda wa nusu mwezi. Na katika Suratur Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu amezihesabu tofauti za lugha zetu kuwa miongoni mwa ishara Zake.

Hata hivyo, si kila ajae kwa jina la kujitolea huleta kheri. Wapo wajao kwa wiki mbili, wakapiga picha na watoto, wakaimba nao, wakaondoka kabla hawajayajua majina yao. Basi mzazi anayo haki ya kuuliza: mgeni huyu atakaa muda gani? Amejitahidi kujifunza lugha yetu? Yuko mwalimu wa hapa anayefanya kazi pamoja naye? Na nani amemruhusu kumpiga picha mwanangu? Kuuliza hivyo si ukosefu wa adabu kwa mgeni, bali ni kutunza amana.

Alipoondoka

Mwalimu tuliyemtaja alimaliza miaka yake miwili akarudi kwao. Muhula mzima darasa lilikaa bila ya mwalimu wa hesabu, na hilo lilituuma. Hii ndiyo kasoro ya msaada wa kuazima: ukiondoka, pengo hubaki kwa mwenyewe. Lakini wanafunzi walikuwa na daftari walilolitunga pamoja naye, mlinganyo, sehemu na pembetatu vikiwa vimeandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na michoro pembeni. Binti yetu akawa anawasomesha wenziwe jioni kwa daftari hilo, barazani kwao, baada ya sala ya alasiri.

Basi, vijana wetu wanaotamani kwenda kuhudumia watoto wa nchi nyingine nao wazingatie. Aanze mtu kwa kujifunza lugha ya wale anaowaendea, na asione haya kuchekwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na awalipe kheri wote wanaowafundisha. Amin.